Naitrojeni ya Buha

Ng'oa mche wa maharage katika shamba la Kasulu au Kibondo wakati unapoanza kutoa maua, ukung'ute udongo, kisha utazame mizizi. Shamba moja litakuonyesha vinundu vidogo vimeganda kwenye mizizi. Shamba la jirani litakuonyesha mizizi mitupu. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu wa damu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, mmea haupati kitu humo. Wekundu huo hutokana na protini iitwayo leghemoglobini, ya ukoo mmoja na ile inayobeba oksijeni katika damu yetu, na bila hiyo bakteria waliojificha ndani ya kinundu wasingeweza kugeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia mpaka mtu au kiumbe fulani aigeuze. Historia ninayotaka kuieleza ni ya amri: nani humwamuru bakteria atengeneze amonia, amri hutoka lini, na binadamu alifikaje hadi kuishika mkononi.

Maharage yenyewe ni mgeni Buha, yaani nchi ya Waha mkoani Kigoma. Asili yake ni Amerika, na yalifika Afrika baada ya mwaka 1500 kwa meli za Wareno, yakapenya polepole kutoka pwani mpaka nchi za Maziwa Makuu. Kabla yake palikuwa na kunde na njugumawe, mazao ya Kiafrika yenye bakteria wao wa Kiafrika, pamoja na mtama na ulezi. Katika falme za Waha, yaani Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu kaskazini yake, rutuba ilitunzwa kwa njia mbili: kupumzisha shamba miaka kadhaa, na kufuga ng'ombe. Ng'ombe alikula nyasi za vilimani mchana, jioni akarudi na kuacha samadi karibu na migomba. Mkataba wa ubugabire, ambao mwenye mifugo alimpa mtu asiye nayo ng'ombe wa kutunza naye akalipa kwa kazi na utiifu, husimuliwa zaidi kama habari ya vyeo na utawala. Mimi nauona pia kuwa ni habari ya samadi. Aliyepewa ng'ombe alipewa naitrojeni ya kumwaga kwenye migomba yake.

Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka mifugo ya Afrika Mashariki, na Buha haikusalimika. Palipokosekana ng'ombe wa kula majani, vichaka vikarudi, na vichaka vikaleta mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu. Wakati huohuo Buha ilikuwa imefanywa ghala la vibarua. Vijana walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa kandarasi, wakaitwa manamba, na jembe la nyumbani likabaki kwa wanawake na wazee. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za vijiji vya ujamaa, na watu wakakusanywa tena. Kisha wakaja wakimbizi: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wengine kwa maelfu kuanzia 1993, Wakongo ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015, wakati kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilipofunguliwa upya.

Matukio hayo yana sababu tofauti kabisa, na baadhi ni misiba mikubwa ya kibinadamu ambayo si haki kuipima kwa mbolea. Hata hivyo udongo uliyapokea yote kwa namna moja. Kila mara watu waliposogezwa pamoja, shamba la karibu na nyumba lililimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzika. Kila gunia la mahindi na maharage lililopelekwa sokoni liliondoka na naitrojeni ndani yake, na ng'ombe wa kuirudisha hawakuwepo tena kwa wingi ule wa zamani.

Miaka michache kabla ya sotoka kuingia Buha, huko Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walikuwa wakishangaa kwa nini njegere hustawi katika mchanga usio na mbolea ilhali shayiri hufa. Mwaka 1886 walitangaza jibu: vile vinundu vya mizizi, ambavyo wengi walividhania ugonjwa, ndivyo vinavyoulisha mmea kutoka hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwaotesha maabara. Mwaka 1896, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner wakaanza kuwauza kwa wakulima kwa jina la Nitragin. Biashara ya bakteria wa kupaka kwenye mbegu, basi, ni ya zamani kuliko reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Lakini karne ya 20 ilichagua njia nyingine. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni na haidrojeni zinaweza kulazimishwa kuungana kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na mwaka 1913 Carl Bosch akafungua kiwanda cha Oppau. Kiwanda cha namna hiyo huhitaji nyuzijoto zaidi ya 400 na mgandamizo unaofikia mara 200 ya ule wa hewa. Karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kilichopatikana kwa mbolea hiyo, kwa hiyo sitaitukana. Shida yake ni umbali. Tanzania iliwahi kuwa na kiwanda chake cha mbolea Tanga, kilichoanza 1972 na kufungwa 1991. Baada ya hapo, mfuko wa urea unaofika Kasulu huwa umevuka bahari, ukapakiwa Dar es Salaam, ukasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja mpaka ukingoni mwa nchi. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, serikali ililazimika kurudisha ruzuku ya mbolea kuanzia msimu wa 2022/23. Mkulima wa Kibondo alikuwa akilipia gesi ya Ulaya na nauli ya bara zima kwa kitu kilichojaa hewani juu ya shamba lake.

Kwa nini basi bakteria wasiifanye kazi hiyo yote? Swali hili ndilo lililowafikisha wanasayansi kwenye jeni. Atomi mbili za naitrojeni hewani zimefungamana kwa vifungo vitatu, na kuvivunja ni ghali. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, naitrojinasi, hutumia angalau molekuli 16 za ATP, yaani nishati ya seli, kwa kila molekuli moja ya naitrojeni. Tena ni dhaifu: oksijeni ikikigusa, kinaharibika. Bakteria ambaye angekitengeneza saa zote angekufa njaa akishindana na wenzake. Ndiyo maana hakitengenezi saa zote. Anafanya kama mama anayewasha moto wa kuni pale tu anapokuwa na kitu cha kupika.

Ufunguo wa kuelewa uwekevu huo ulipatikana Paris, kwa bakteria wa aina nyingine. Katika thesi yake ya mwaka 1941, mji ukiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, Jacques Monod alieleza jambo la ajabu: bakteria waliopewa sukari mbili pamoja walikula moja kwanza mpaka ikaisha, wakasimama kidogo, ndipo wakaanza ya pili. Ile subira ya katikati ilimsumbua miaka mingi. Mwaka 1961, yeye na François Jacob wa Taasisi ya Pasteur walieleza kilichokuwa kikitokea. Jeni za kusaga sukari ya maziwa hukaa zikiwa zimezibwa na protini maalumu. Sukari hiyo ikiingia, protini inaachia, jeni zinasomwa, vimeng'enya vinatengenezwa. Kundi hilo la jeni zinazotii amri moja waliliita operoni. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff.

Sidhani kama kuna ugunduzi wa biolojia wa karne hiyo uliobadilisha viwanda kimyakimya kuliko huo. Kabla yake, watu walikuwa wakitafuta mbegu nzuri ya bakteria kwa bahati. Huko Japani, Shukuo Kinoshita na wenzake wa kampuni ya Kyowa Hakko walikuwa wamempata, mwaka 1956, bakteria wa udongo anayemwaga glutamati, kiungo cha kukoleza ladha ya chakula, wakajifunza kumnyima vitamini fulani ili amwage zaidi. Baada ya 1961 ilijulikana kwamba kiasi cha kemikali anachotoa bakteria kinategemea amri anazozipokea, na kwamba amri zinaweza kuhamishwa. Mwaka 1978 jeni ya insulini ya binadamu iliwekwa ndani ya bakteria wa tumbo, chini ya amri ileile ya sukari ya maziwa aliyoichunguza Monod, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaanza kuuzwa.

Jambo lililokuja kuwatatiza wenye viwanda ni uchovu wa bakteria. Ukimwamuru atengeneze kitu muda wote, anadhoofika, na kizazi kikipita, wale walioitupa jeni hiyo huwashinda walioitunza. Mwaka 2000, William Farmer na James Liao wa Chuo Kikuu cha California walijaribu njia yenye busara zaidi. Walitaka bakteria atengeneze laikopeni, rangi nyekundu ya nyanya, lakini badala ya kumsukuma bila kikomo waliziunganisha jeni zake na kipimo kilichomo ndani ya seli yenyewe, kinachojua lini chakula kimezidi mahitaji. Kukiwa na ziada, kazi inaanza. Chakula kikipungua, kazi inalala. Mavuno ya laikopeni yakaongezeka sana. Tangu hapo fani nzima imekuwa ikijifunza kumwachia bakteria aamue wakati, huku binadamu akichagua kazi.

Sayansi hiyo ilikaribia kufika Kigoma kwa mlango wa hospitali. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta takribani robo ya watoto wa chini ya miaka mitano wana vimelea, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Dawa mseto, iliyochukua nafasi ya dawa ya SP mwishoni mwa 2006, hutegemea artemisinini, inayotokana na mmea wa pakanga ya Kichina. Mwaka 2003 Jay Keasling na wenzake wa Berkeley walipanga upya jeni za bakteria wa tumbo ili atengeneze malighafi ya dawa hiyo. Kazi ikahamishiwa kwa hamira, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuizalisha kiwandani Garessio, Italia. Haikudumu. Bei ya pakanga ya mashambani ilishuka, kiwanda kikauzwa, na dawa nyingi zikaendelea kutoka kwa wakulima, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Mafanikio ya maabara hayakutosha kulishinda jembe.

Turudi kwenye kinundu, maana hapo amri ni nyingi na zimepangwa kwa ustadi wa kupendeza. Mzizi wa mharage wenye njaa ya naitrojeni hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa rizobia aliye karibu anazitambua kwa protini iitwayo NodD, nayo inafungua jeni za kutengeneza ujumbe wa kujibu. Ujumbe ukifika, unywele wa mzizi unajikunja, bakteria anaingia, na kinundu kinaanza kuumbwa. Ndani yake leghemoglobini huishika oksijeni na kuigawa kidogokidogo. Katika bakteria wa alfaalfa, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, protini ya FixL hupima oksijeni. Ikishuka vya kutosha, amri hupita mpaka kwa NifA, na NifA huziamsha jeni za naitrojinasi. Hapo ndipo amonia inapotoka na kupewa mmea, nao unalipa kwa sukari. Udongo ukiwa na mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea hauiti mtu. Mkulima anayemwagia maharage yake urea kwa wingi anawafukuza wafanyakazi ambao angewapata bure.

Ray Dixon na John Postgate wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitangaza mwaka 1972 kwamba wamehamisha jeni za naitrojinasi kutoka kwa bakteria mmoja wa udongo, Klebsiella, kwenda kwa bakteria wa tumbo, naye akaanza kula hewa. Wengi waliamini kwamba mahindi na ngano vitafuata karibuni. Nusu karne imepita. Kilichochelewesha ni amri zilezile. Katika Klebsiella na Azotobacter, protini ya NifL humzuia NifA kila oksijeni au amonia inapokuwepo. Bakteria akishashiba anafunga. Mwaka 1992 Christina Kennedy na wenzake walivuruga jeni ya NifL katika Azotobacter, na bakteria akaanza kumwaga amonia nje ya mwili wake. Mwaka 2012 Karsten Temme na Christopher Voigt walikwenda mbali zaidi: waliondoa amri zote za asili katika kundi la jeni za naitrojinasi na kuandika nyingine mahali pake. Temme alishiriki kuanzisha kampuni ya Pivot Bio, ambayo mwaka 2019 ilianza kuwauzia wakulima wa mahindi wa Marekani bakteria waliohaririwa jeni ili wasiache kutengeneza amonia hata udongo ukiwa na mbolea.

Je, bakteria hao waletwe Kasulu? Naanza na kilichopo, maana Afrika haikukaa bure. Zimbabwe imekuwa ikizalisha rizobia kwa wakulima wake huko Marondera tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuza bakteria ambao kampuni ya MEA huwauza kwa jina la Biofix. Chuo Kikuu cha Sokoine kilitengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 na baadaye kuingia Tanzania, ulifundisha mamia ya maelfu ya wakulima barani kupaka mbegu zao.

Soya hujibu vizuri. Maharage ni magumu zaidi, na nyanda za Kigoma zinaongeza ugumu. Udongo wetu tayari una rizobia wengi wanaokubali kuingia katika mharage lakini hawafanyi kazi kwa bidii, na bakteria mzuri wa pakiti hulazimika kugombania mzizi nao. Udongo wenye tindikali humwua mapema. Fosforasi ikikosekana, ATP hakuna, na bila ATP naitrojinasi haina kazi, hata bakteria awe bora namna gani. Halafu kuna jua. Unga wa bakteria ni viumbe hai. Ukikaa juma zima dukani chini ya bati, au nyuma ya pikipiki njiani kwenda Mabamba wilayani Kibondo, mkulima anapaka mbegu zake maiti, kisha anahitimisha kwamba wataalamu wamemdanganya. Tatizo hilo haliondolewi na jeni iliyoandikwa upya. Linahitaji kivuli, chombo cha baridi na tarehe iliyoandikwa wazi juu ya pakiti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Buha inahitaji kwanza bakteria wa asili aliyechaguliwa vizuri. Colombia walimpata mmoja, anayejulikana kwa namba CIAT 899, anayevumilia tindikali na joto, naye ametumika kwenye maharage katika nchi nyingi. Hakuna sababu ya kudhani kwamba milima ya Heru na mabonde ya Malagarasi hayana wa kwao aliye sawa naye au kumzidi. Apewe chokaa kidogo na fosfati ya Minjingu, tunayoichimba wenyewe mkoani Manyara.

Wale waliohaririwa wanahitaji mjadala mwingine, wala siukwepi. Mahindi yaliyobadilishwa jeni yalifanyiwa jaribio Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, ndani ya uzio, na mwishoni mwa 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru jaribio lisimame na mabaki yake yaharibiwe. Mahindi hayo yaliweza kung'olewa na kuchomwa moto. Bakteria akishamwagwa shambani haiwezekani kumkusanya. Anaweza kugawana jeni na jirani zake, na mvua ya masika itamtelemsha mpaka mto Moyowosi. Hiyo ni sababu ya kwenda taratibu, lakini hainitoshi kuwa sababu ya kutojifunza. Nchi isiyo na watu wake wanaoweza kuzisoma jeni za bakteria itakubali au kukataa kwa kusikia maneno ya wengine, na mara nyingi huwa ni maneno ya muuzaji.

Mitambo ya kuanzia tunayo. Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba na kuzinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2015, huotesha bakteria katika matangi ili kuua viluwiluwi vya mbu. Anayejua kuotesha bakteria wa mbu kwa maelfu ya lita anaweza kufundishwa kuotesha rizobia. Wizara ya Kilimo na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) wakusanye vinundu vyekundu kutoka Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, wawapime bakteria waliomo, na walio bora wapelekwe Kibaha wakazalishwe. Nawe mkulima unayesoma haya, kabla ya msimu ujao muulize afisa ugani wako kama mashamba ya kata yenu yamewahi kupimwa tindikali. Kama hayajapimwa, dai yapimwe.